Kinga ya mapafu ya mtoto njiti

Pole kwa kukesha, mama. Umeuliza kama mwanao aliyezaliwa wiki ya 31 anunuliwe dawa ya "kuongeza kinga ya mapafu", maana kila mafua yanamshukia kifuani. Usinunue.

Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu kuna utando mwembamba wa majimaji yenye mafuta, unaozuia vifuko visinatane. Humo zimo protini za kinga ziitwazo SP-A na SP-D. SP-D ina umbo kama msalaba, na ncha zake hunasa sukari zilizo juu ya kirusi cha influenza (mafua makali). Virusi vikinaswa hugandana mafungu mafungu, vikashindwa kuingia kwenye seli, kisha seli walaji huvimeza. Yote haya hutokea hata kabla mwili haujatengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na kirusi hicho mahususi!

Njiti huzaliwa utando huo haujakomaa; hujengeka kadiri anavyokua. Dawa ya chupa ya dukani haiujengi. Mnyonyeshe, apate chanjo kwa wakati, na jiko la mkaa litoke chumbani. Anayevuta sigara asimkaribie, kwani moshi wake hupunguza protini hizohizo.

Akihema harakaharaka, au mbavu zikibonyea kila avutapo pumzi, mpeleke hospitali usiku huohuo.