Darubini Imefungwa: Je, Vilengeo vya Chuma Viondolewe?

SWALI: Salaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Malindi na ninamiliki kwa leseni bunduki ya .22, ambayo huitumia kulenga shabaha katika uwanja wa klabu, masafa ya mita 50. Nilipofunga darubini, fundi alinishauri niondoe vilengeo vya chuma, yaani kijiti cha mbele na pengo la nyuma, kwa kuwa havina kazi tena. Mwenzangu naye ananihimiza ninunue vishikio virefu vya darubini vyenye uwazi chini yake, ili nitumie darubini na vilengeo vya chuma kwa pamoja. Nimsikilize nani?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mimi nisingefuata ushauri wa yeyote kati ya hao wawili. Viache vilengeo vya chuma mahali pake, funga darubini chini kadiri lenzi ya mbele itakavyoruhusu bila kugusa mtutu, kisha tafuta vishikio vinavyofunguka kwa mkono, ili siku darubini itakapokataa kazi uiondoe na uendelee kulenga.

Na kama fundi alihofia pia kwamba kijiti cha mbele kitakuziba macho, hofu hiyo haina msingi. Kijiti kiko karibu mno na lenzi kuweza kuonekana sawasawa. Katika darubini ya ukuzaji mdogo utaona kivuli hafifu sehemu ya chini ya picha, na ukuzaji ukiongezeka hata hicho kivuli hupotea. Pengo la nyuma ndilo linaloweza kugusana na darubini, na kama ni la kulala, lilaze.

Vishikio virefu vina taabu kubwa zaidi, nayo ni taabu ya shavu. Kitako cha bunduki iliyotoka kiwandani na vilengeo vya chuma huwa kimechongwa chini, ili shavu likilala juu ya mbao, jicho lijikute limeelekea pengoni lenyewe. Ukiinua darubini, shavu huachia mbao, kichwa huelea, na kila risasi jicho hukaa mahali tofauti. Waingereza walikutana na jambo hili katika bunduki zao za darubini za Lee-Enfield No. 4 Mk I (T) za Vita vya Pili vya Dunia, wakaongeza kipande cha mbao juu ya kitako ili shavu lipate pa kuegemea. Tena, ukiiinua darubini kwa sentimita 2.5 zaidi huku umeirekebisha risasi ipige pale unapolenga kwa mita 50, basi kwa mita 10 risasi itapiga takriban sentimita 2 chini zaidi ya vile ambavyo ingepiga darubini ikiwa chini.

Sikatai kwamba vitu hivi viwili vinaweza kukaa pamoja. Bunduki ya G3, ambayo wasomaji wengi wameiona mikononi mwa polisi wetu, ina kishikio cha darubini kinachoacha njia ya kuonea vilengeo vyake chini, na ile ya Dragunov ya Kirusi hushikiwa darubini ubavuni kwa sababu hiyo hiyo. Lakini hizo zilibuniwa hivyo tangu mwanzo, na yako sivyo.

Sasa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Kilengeo ambacho hakijajaribiwa kwa risasi hakiaminiki, hata kiwe kimenyooka namna gani kwa kutazama. Ondoa darubini kwanza, urekebishe chuma: anza na mita 25, kisha 50, kwa mafungu ya risasi tano. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende, na cha mbele husogezwa kinyume chake. Fanya kwa subira, maana kama umbali kati ya vilengeo hivyo ni sentimita 50, kukisogeza kimoja milimita moja tu huhamisha risasi sentimita 10 kwenye mita 50. Kisha rudisha darubini na uirekebishe peke yake. Darubini ambazo kitufe chake cha kurekebishia husogea kwa robo dakika ya digrii (dakika ni sehemu moja ya sitini ya digrii) huhamisha risasi takriban milimita 3.6 kwa kila mlio wa kitufe hicho katika masafa ya mita 50. Mwisho ifungue, uifunge tena, upige risasi tano. Fungu likihama, vishikio vyako si vya kutegemewa.

Huku kwetu pwani sababu ya kuhifadhi chuma unaiona kwa macho. Ukiitoa bunduki kwenye gari lenye kiyoyozi alfajiri wakati wa kusi, lenzi hupata ukungu papo hapo, na ukiufuta kwa pindo la shati, chembe za chumvi zilizokauka juu yake huichubua. Kijiti cha chuma hakizibwi na ukungu. Adui yake ni kutu, ambayo huanzia kwenye mfereji kilimopachikwa, mahali kitambaa hakifiki. Kipake mafuta mepesi kwa mswaki mkuukuu, na uchore kwa rangi nyeupe mstari mwembamba unaovuka kilengeo na mtutu, ili kikisogea hata kidogo ujue kabla hujapiga risasi.

Jambo la mwisho: usiitumie darubini ya bunduki kutazamia watu au vitu vilivyo mbali, kwa maana kila unapotazama, mtutu nao umeelekea huko. Kwa kazi hiyo chukua darubini ya mkononi.