Jibu: Mwajiri wa Masasi, vibarua wa korosho na michango ya NSSF

Mkuu, umeuliza mawili: kama vibarua wako 30 wa kubangua korosho pale Masasi ni lazima uwachangie NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na kama unaweza badala yake kuanzisha mfuko wenu wa ndani, wenye kamati ya wafanyakazi watano. Nimekuwa mhasibu wa kiwanda cha korosho hapa Mtwara miaka 9. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

La pili ni fupi. Mfuko wa ndani wa kuongezea akiba ni ruksa ukifuata taratibu za usajili, ila haukuondolei wajibu wa NSSF. Mwajiri wa sekta binafsi hana hiari hapo. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara: mfanyakazi unamkata isizidi 10, inayobaki unatoa wewe. Na hao watano waeleze mapema kwamba ni wadhamini. Hela ni ya wanachama, ikae kwenye akaunti yake, na siku utakapowaomba waikopeshe kampuni mpaka mnada wa korosho upite, wakukatalie, hata kama wewe ndiye unayewalipa.

Sasa la kwanza. Mwaka mmoja mnunuzi wetu alichelewesha malipo. Bosi akasema mishahara ilipwe, makato ya NSSF yasubiri. Nikakubali. Kila mwezi niliendelea kuandika makato kwenye hati za mishahara, huku pesa yenyewe ikinunulia korosho ghafi. Ikafika miezi 7.

Akaja mama mmoja wa chumba cha kubangua, ametimiza miaka 60, anataka kustaafu. Alifungua pindo la kanga akatoa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na hati zake za mishahara, zimekunjwa mara nne, zina madoa ya yale mafuta ya maganda yanayounguza vidole. Akaziweka mezani pamoja na taarifa ya michango aliyoichukua NSSF. "Mwanangu, nihesabie." Kwa hesabu ya makato yake alikuwa na miezi 183. Taarifa ilionyesha 176. Pensheni ya kila mwezi inataka angalau miezi 180. Chini ya hapo unapewa mkupuo, yaani malipo ya mara moja, basi. Hati za ile miezi 7 iliyopungua niliziandika kwa mkono wangu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Nilizipeleka kwa bosi vilevile zilivyo. Tukaenda wenyewe NSSF, tukalitaja deni, tukaomba kulipa kwa awamu pamoja na tozo ya ucheleweshaji. Bosi akauza gari moja. Miezi ya yule mama ikasoma 183 na pensheni yake akaipata, lakini alisubiri, na katika kusubiri huko alikula kwa kukopa dukani. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo usijifiche nyuma ya neno "kibarua". Anayekufanyia kazi kwa ujira mwandikishe, hata kama ni wa msimu. Miezi yake hujumlishwa, ya kwako na ya mwajiri mwingine. Piga hesabu: anayefanya kazi miezi 6 kwa mwaka anahitaji miaka 30 kufikisha 180. Mtu wa namna hiyo ukimpotezea miezi mitatu, umemrudisha nyuma nusu mwaka.

Kukata bila kupeleka ni kosa la jinai, na deni halifi. Mchango wa mwezi unatakiwa ufike ndani ya mwezi unaofuata. Sisi siku hizi hatungoji: siku ya mshahara ndiyo siku ya mchango, na bosi hasaini kimoja bila kingine.

Kama tayari kuna miezi uliyokata ukaishikilia, usisubiri mkaguzi agonge geti. Chukua orodha za mishahara uende mwenyewe sasa, kabla minada ya Oktoba haijaanza, maana ikianza kila shilingi uliyonayo itageuka korosho.