Kitufe Kilichozimwa Bila Kusema Sababu

Ukianza kazi ya kutengeneza fomu za tovuti, utavutiwa mapema na desturi ya kuzima kitufe cha "Tuma" mpaka kila kisanduku kijazwe sawasawa. Nami niliipenda, hadi siku nilipokaa pembeni ya mama mmoja aliyekuwa akijaza fomu niliyoitengeneza. Aliinakili namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) pamoja na vistari vyake, ilhali msimbo wangu ulitaka tarakimu 20 tupu. Kitufe kikabaki kijivu. Alikibonyeza mara tatu, akafuta jina lake akaliandika upya, kisha akaniuliza kama bando limeisha. Msimbo ulijua kasoro iko wapi, lakini sikuwa nimeuandika umwambie.

Tangu hapo kitufe nakiacha kikiwa hai. Mtumiaji akikibonyeza, fomu hukaguliwa, maelezo ya kosa hutokea chini ya kisanduku husika, na kiteuzi hupelekwa hapo hapo. Vistari na nafasi huondolewa na msimbo wenyewe, kwa kuwa hiyo si kazi ya mwananchi.

Fahamu pia yanayotokea ndani ya kivinjari. Kitufe chenye sifa ya HTML ya `disabled`, yaani kilichozimwa, hakifikiki kwa kibodi, hivyo asiyeona anayepita kwenye fomu kwa Tab hukiruka bila kujua kwamba kipo. Kisanduku chenye sifa hiyo nacho hakitumi thamani yake kwenye seva, jambo lililowahi kunimalizia nusu siku nikitafuta taarifa nilizodhani zimepotea; kama thamani haipaswi kubadilishwa lakini lazima itumwe, tumia `readonly`. Sifa ya `aria-disabled` hukiacha kitufe kifikike na kutangaza kwamba kimezimwa, ila haizuii chochote: kuzuia kitendo ni juu ya msimbo wako. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG hauvidai vitufe vilivyozimwa uwiano wa utofauti wa rangi kati ya maandishi na usuli wake wa 4.5:1 unaotakiwa kwa maandishi ya kawaida, lakini ruhusa hiyo haimsaidii anayesoma simu yake juani.

Mahali ninapozima kitufe bila kusita ni kwenye malipo, mara tu baada ya kubonyezwa, huku maneno yakibadilika kuwa "Inatuma". Mtandao ukikatika, kitufe kirudi pamoja na maelezo ya kilichotokea. Hata hivyo, anayepakia ukurasa upya anaweza kulituma ombi lile lile tena, kwa hiyo malipo ya mara mbili huzuiwa kwenye seva.