Je, deni la fungu la kumi limeleta laana nyumbani mwangu?

SWALI

Bwana asifiwe, Baba Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Kadutu hapa Bukavu, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Bwana yangu ni mwalimu, na tangu benki zilipofungwa mwaka 2025 mshahara wake ni wa kubahatisha. Zamani nilikuwa natoa fungu la kumi kila mwezi bila kukosa. Kisha mtoto wetu wa nne akashikwa na malaria mara mbili mfululizo, pesa zote zikaishia kwenye dawa. Mzee wa kanisa anayeandika mafungu ya kumi kwenye kaye (daftari) yake aliniita, akanisomea Malaki 3, pale Mungu anapowaambia watu kwamba wanamwibia zaka na wamelaaniwa kwa laana, akasema nina deni la Mungu, na kwamba ule ugonjwa wa mtoto ni Mungu anajilipa mwenyewe. Nimekatazwa kukaribia meza ya Bwana mpaka nilipe yote ya nyuma. Mdogo wangu wa kiume ananicheka. Yeye anasema tuko chini ya neema, sheria ilikwisha, kwa hiyo hatoi hata faranga moja, na kila Jumamosi analewa kasiksi (pombe ya ndizi) mpaka wanambeba. Sasa naomba unijibu: nimelaaniwa? Nikikopa na kulipa, mtoto hataugua tena? Na mdogo wangu, anasema kweli?

JIBU

Asifiwe sana, Mama. Niruhusu nianze na mtoto, maana naona yeye ndiye anayekunyima usingizi, si kaye.

Malaria inaletwa na mbu. Inaingia nyumba ya anayetoa fungu la kumi na nyumba ya asiyetoa, inaingia hata nyumba za wachungaji, na mimi watoto wangu wameugua. Wanafunzi wa Yesu walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza swali lile lile la mzee wako: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake” (Yohana 9:3). Kwa hiyo usikope. Ukipata pesa kidogo, nunua chandarua, na homa ikirudi mpeleke mtoto kituo cha afya siku ile ile, usisubiri maombi ya Ijumaa. Kuombewa ataombewa hata akiwa ameshameza dawa.

Tena pesa uliyomtibia mtoto hukumwibia Mungu. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakiwaambia wazazi wao, “Kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, nimekitoa kwa Mungu,” halafu wazee wa watu wanabaki na njaa. Aliwaambia kwamba kwa desturi hiyo wanalitangua neno la Mungu. Na Paulo anaandika kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Hayo mzee wako hakukusomea.

Tuje Malaki sasa. Nabii huyu alisema na Waisraeli waliorudi kutoka uhamishoni, hekalu limeshajengwa upya, makuhani na Walawi wako kazini. Walawi hawakupewa sehemu ya nchi kama makabila mengine. Zaka, yaani fungu la kumi, ndiyo iliyokuwa urithi wao (Hesabu 18). Watu walipoacha kuileta, Walawi walikimbilia mashambani ili wapate kula, kama Nehemia 13 inavyoeleza. Ghala ambalo Malaki anataja lilikuwa ghala la chakula kweli, nafaka na mafuta. Lakini soma kitabu kizima, Mama, kina sura nne tu, unakimaliza kabla wateja hawajaanza kuja. Utaona kwamba ukali wa Malaki unaanza na makuhani, wale waliokuwa wakimtolea Mungu wanyama vipofu na vilema. Na katika sura hiyo hiyo ya tatu, mistari michache kabla ya fungu la kumi, Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomdhulumu mfanyakazi mshahara wake, na wanaowaonea mjane na yatima. Mke wa mwalimu asiyelipwa angeweza kuusoma mstari wa 5 kwa sauti kubwa kuliko mzee anavyousoma mstari wa 9, ule wa laana.

Na sheria yenyewe ya fungu la kumi, wengi wanaoihubiri hawajaifungua. Walawi 27 inataja mazao ya shamba, matunda ya miti, ng'ombe na kondoo. Kumbukumbu la Torati 14 inasema mwenye kutoa ale zaka yake mbele za Bwana pamoja na jamaa yake, wafurahi; na kama njia ni ndefu, aiuze, abebe fedha, akifika anunue chochote roho yake inachotamani, nyama, hata mvinyo. (Mahubiri juu ya mstari huo mimi sijawahi kuyasikia, si Kadutu si Ibanda.) Na kila mwaka wa tatu fungu hilo liliwekwa malangoni, ale Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane. Yaani kama tungekuwa bado chini ya sheria ile, basi kila mwaka wa tatu kanisa ndilo lingegonga mlango wa wenye shida na gunia la unga.

Mzee wako anaweza kujibu kwamba Abrahamu alitoa fungu la kumi kabla ya Musa, kwa hiyo halimo ndani ya sheria iliyokwisha. Hoja hiyo naiheshimu, ina kichwa na miguu, ila haifiki mbali. Abrahamu alimpa Melkizedeki, mfalme na kuhani wa Salemu, sehemu ya kumi ya nyara za vita. Hakuna aliyemwamuru, na Biblia haisemi kwamba alirudia. Zaidi ya hapo, tohara nayo ilikuwako kabla ya Musa, ilitoka kwa Abrahamu yule yule, Mwanzo 17. Paulo aliikubali kwa Wagalatia kwa sababu ni ya zamani kuliko Sinai? Hasha. Aliipiga vita katika barua yake yote. Jambo kuwa la kale kuliko Musa hakulifanyi kuwa sharti la wokovu. Na Yesu aliposema na Mafarisayo juu ya zaka ya mnanaa na bizari (Mathayo 23:23), hekalu lilikuwa bado limesimama. Ni Yesu yule yule aliyemwambia mwenye ukoma aliyetakaswa aende kwa kuhani atoe alichoamuru Musa, na sisi hatuwadai waliopona ukoma wapeleke ndege wawili.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu swali lako si la pesa tu. Wagalatia walikuwa watu wa mataifa, nchi yao leo iko ndani ya Uturuki. Waliipokea Injili kwa furaha, kisha wakaja walimu wakawaambia: Kristo ni mzuri, lakini hatoshi, ongezeni tohara, ongezeni siku na miezi. Paulo akawaandikia kwa hasira ambayo barua zake nyingine hazina. Akawakumbusha kwamba anayejiweka chini ya sheria kwa jambo moja amejiweka chini ya yote: “Amelaaniwa kila mtu asiyedumu katika yote yaliyoandikwa katika kitabu cha torati, ayafanye.” Mzee akikusomea laana ya Malaki, anapaswa ajisomee na hiyo. Halafu linakuja neno la kukushika wewe: “Kristo alitukomboa katika laana ya torati, kwa kuwa alifanywa laana kwa ajili yetu” (Wagalatia 3:13). Hujalaaniwa, Mama. Laana hiyo ilibebwa msalabani, haikubaki kipande cha kuandikwa kwenye kaye.

Sasa angalia mambo mawili aliyofanya Paulo mwenyewe. Tito alikuwa Mgiriki. Paulo alipopanda naye Yerusalemu, watu walitaka atahiriwe, na Paulo akakataa, hakukubali hata kwa saa moja (Wagalatia 2:3-5). Kisha katika Matendo 16 tunamwona Paulo huyo huyo akimchukua Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, anamtahiri, apate kwenda naye kati ya Wayahudi bila kikwazo. Tendo ni moja. Tofauti ni kwamba kwa Tito tohara ilidaiwa kama mlango wa kuingia kwa Mungu, na kwa Timotheo ilifanywa na mtu huru kwa ajili ya wengine. Ningependa kila mzee wa kanisa anayeshika kalamu azijue hadithi hizo mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo ukiniuliza kama fungu la kumi ni baya, nitakujibu hapana. Mimi mwenyewe natoa, tangu ujana, na mke wangu anajua ni bahasha ipi haiguswi. Lakini hiyo “ya nyuma” unayodaiwa ili uruhusiwe mezani na mtoto apone, usiilipe. Hapo wewe ni Tito. Ukilipa kwa hofu hiyo utakuwa umekiri kwamba damu ya Kristo ilipungua kidogo na wewe umeijazia kwa pesa ya sambaza. Siku nyumba yako ikipata nafasi, ukataka kutoa sehemu ya kumi, au ya ishirini, au kikombe cha maharage, kwa sababu unampenda Bwana na unataka kanisa lisimame, toa na ufurahi.

Wewe unaijua likelemba, ule mchango wa zamu. Unatia sehemu yako, zamu yako ikifika unapokea, na ukikosa kutia, wenzako wana haki ya kukukasirikia, maana mlipatana hivyo. Hofu yangu ni kwamba wengi wetu tumemwingiza Mungu katika likelemba: nimetia, basi anipe, sikutia, basi atachukua mtoto. Kuishi kwa imani ni kuamini kwamba Baba alishatoa kabla hujatia kitu, alipomtoa Mwana wake, na kwamba hakuna zamu ya kungojea.

Siwachukii waliotuwekea kanuni. Wamisionari Wapentekoste kutoka Norwei na Uswidi walipofika Kivu ya Kusini katika miaka ya 1920, makanisa yaliyozaliwa na kazi yao yalikataza pombe na tumbaku, na katazo lile liliokoa nyumba nyingi ambazo mshahara ulikuwa unaishia katika mtungi. Kanuni ni kama ua la kuzunguka nyumba, na ua lina kazi yake. Shida inaanza pale mtu anapoanza kuhesabiwa mwana kwa sababu ya ua, na aliye ndani yake akamdharau aliye nje.

Na hapo nimefika kwa mdogo wako. Nusu ya kwanza ya sentensi yake ni kweli: hatuko chini ya sheria bali chini ya neema. Ila Paulo aliyesema hivyo aliandika pia, “uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo” (Wagalatia 5:13). Mtu anayebebwa kila Jumamosi hayuko huru, ana bwana, na bwana wake anauzwa kwa chupa. Orodha ya matendo ya mwili katika sura ile inataja ulevi kwa jina. Tena mwambie hivi: wewe na yeye mna ugonjwa unaofanana. Wewe unadhani Mungu ni mdai, yeye anadhani ni mdai aliyefuta deni akaondoka zake. Hakuna kati yenu anayemwona Baba aliye nyumbani. Makanisa ya Makedonia, Paulo anasimulia katika 2 Wakorintho 8, yalikuwa katika umaskini mkubwa, na yaliomba yenyewe yaruhusiwe kuwachangia watakatifu. Walijitoa kwanza nafsi zao kwa Bwana, ndipo pesa zikafuata. Wala Paulo hakuwawekea Wakorintho asilimia. Aliwaambia kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima, na kwamba mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Mdogo wako ana pesa za kasiksi. Anavyo.

Usidhani kutoka hapo kwamba kutoa ni hiari kama mapambo. Mchungaji wako ana watoto wanaodaiwa minervali (ada ya shule) kama wako, paa la kanisa halijitengenezi, na mjane wa mtaa anahitaji chakula leo. Anayefundishwa neno amshirikishe mwalimu wake mema yote, ndivyo inavyosema Wagalatia 6:6, barua ile ile ya uhuru. Mwezi huu labda ulicho nacho ni sahani ya sambaza kwa jirani aliyejifungua. Iandike moyoni kama sadaka, ingawa mwenye kaye hataiona.

Kuhusu meza ya Bwana. Kanisa lina mamlaka ya kumzuia mtu anayeshikilia dhambi ya wazi na kukataa kutubu. Umaskini si dhambi ya wazi, wala ugonjwa wa mtoto. Usigombane na mzee sokoni wala usimtangaze kwa wamama wa kwaya. Inawezekana naye aliogopeshwa hivyo hivyo na waliomtangulia. Nenda na bwana yako kwa mchungaji, siku ya kazi, mkae naye. Mwelezeni pesa zilikwenda wapi, mwombeni asome pamoja nanyi Wagalatia 3, na mwulizeni kwa heshima ni andiko gani la Agano Jipya linalomfungia mtu meza kwa sababu ya fungu la kumi. Akielewa, mambo yamekwisha. Akisema bado unadaiwa, usihame kanisa kwa hasira wiki hiyo hiyo. Peleka shauri kwa wachungaji walio juu yake katika jumuiya yenu, na mwende mkiwa wawili. Mkikwama hapo, niandikie tena.