Inawezekana, ila bei yake!

Ndugu uliyeuliza kama nishati inaweza kugeuka kuwa maada: ndiyo, na imeshaonekana. Mwonzi wa gama (mwanga wenye nguvu nyingi usioonekana) wenye zaidi ya elektroni-volti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni 1.022 ukipita karibu na kiini cha atomu unaweza kutoweka, na hapo hapo zikazaliwa chembe mbili, elektroni na positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Carl Anderson aliigundua positroni mwaka 1932.

Shida ni gharama. Kuiunda kwa nishati tupu ile chumvi muuza rolex (chapati ya Uganda iliyoviringishwa na mayai) anayonyunyiza kwenye mayai, tuseme gramu moja, kungemeza umeme wote wa bwawa la Karuma, Uganda, megawati 600 bila kupumzika, kwa karibu saa 42. Hapo hakuna hata chembe ya umeme iliyopotea njiani, kitu ambacho hakipo. Tena nusu yake ingekuwa antimaada, yaani maada kinyume inayolipuka ikigusana na maada ya kawaida, usithubutu kuonja!