Kibaraza cha bafuni kinalowesha ukuta wa chumbani

SWALI: Shikamoo fundi. Mwaka jana nilimjengea mama kibaraza cha kukalia bafuni, maana magoti hayamruhusu kuoga amesimama. Ni cha tofali, na juu marumaru. Sasa rangi ya chumba cha upande wa pili inafura na kubanduka, na harufu ya ukungu haiishi. Fundi aliyejenga anasema tuongeze grauti tu, ile ya kujaza mistari kati ya marumaru. Ni kweli?
Msomaji, Rau, Moshi

JIBU: Marahaba, dada. Usitoe hata shilingi kwa hiyo grauti. Kwanza funga mabomba yote uangalie mita ya maji ya MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi. Ikizunguka, kuna bomba linalovuja, na hiyo ni kesi nyingine.

Ikitulia, basi yaelekea ni kibaraza. Maji hupenya kwenye mistari ya grauti, yakafika kwenye lipu, na tofali la saruji huyanywa. Kinachoyazuia ni dawa inayopakwa chini ya marumaru, nami nashuku kwako haikupakwa. Unga wa kuzuia maji unaochanganywa kwenye saruji unasaidia, lakini lipu ikipata ufa mwembamba kama unywele, kwisha habari.

Kibaraza changu cha kwanza, huku Njiro, Arusha, nilikisawazisha kwa pimamaji, nikajisifu. Maji yakawa yanatuama nyuma, konani, mchana kutwa. Kibaraza cha kuogea lazima kiiname: cha upana wa sentimita 40, mbele kishuke milimita 8 hadi 10. Mwagia chako kikombe cha maji uone yanakimbilia wapi.

Kwa hiyo ni kubandua marumaru, za kibaraza, ukuta na sakafu. Mteremko utengenezwe kwenye lipu, si kwa gundi, kisha iachwe ikauke. Kwa kibaridi cha Julai, msiharakishe. Kona zote zinapokutana na kibaraza zipakwe dawa na kubandikwa utepe wa kitambaa, kwani ndipo panapopasuka. Halafu pakeni kote mara mbili, ukutani hadi juu ya bomba la mvua.

Kabla ya marumaru, zibeni tundu la maji, wekeni kizuizi mlangoni, mjaze maji sakafuni na kuchora alama ya kina. Rudini baada ya saa 24: maji yakiwa yameshuka chini ya alama, bado panavuja. Fundi atakayesema hana muda wa kusubiri, mpe nauli. Mwisho, kona zijazwe silikoni badala ya grauti.

Ukuta wa chumbani usiupake rangi mpaka ukauke kabisa. Mama naye, kwa wiki hizo, mtafutie kiti cha plastiki aogee nacho bafu lingine au kwa jirani.