Yule daktari wa wazee uliyeniuliza

Mwanangu, marahaba. Umeniuliza kwenye meseji yule daktari niliyekuwa namtajataja kipindi namuuguza bibi yako alikuwa nani, ngoja nikuandikie maana kwenye simu mtandao wa huku Ujiji unakatakata.

Anaitwa Marjory Warren, Mwingereza, kazaliwa London 1897. Nilimsikia mara ya kwanza kwa mwalimu wetu wa uuguzi kule Tabora na hajanitoka kichwani. Alikuwa hospitali ya West Middlesex, 1935 hospitali ikapewa pia lile jengo la jirani walikokuwa wanawekwa maskini na wazee, basi akakabidhiwa wagonjwa 714, yaani 714 mwanangu, wengi wamelala tu miaka na miaka, aliyepooza, aliyechanganyikiwa, na ambaye angeweza kutembea, wote wamerundikwa pamoja hakuna anayewapima. Yeye akapita kitanda kwa kitanda akawapima mmoja mmoja, akawatenganisha, wanaoweza kuinuka wakainuliwa wakafanyishwa mazoezi, wengi wakarudi makwao, vitanda vikapungua mpaka 240 hivi. Jina la fani ya udaktari wa wazee, jeriatria, lilibuniwa na daktari Nascher wa New York 1909, lakini kwangu mimi huyu mama ndo aliyeifanya iwe kazi ya wodini. 1943 akaandika kwenye jarida la madaktari wa Uingereza kwamba wazee wawe na wodi yao ndani ya hospitali kubwa, na wanafunzi wa udaktari wafundishwe humo. Kafa 1960 kwa ajali ya gari huko Ufaransa, bado yuko kazini.

Alichoona ni kwamba kulala kwenyewe kunaumiza, magoti yanakunjamana, mgongo unatoka vidonda, mtu anaanza kukojoa palepale halafu anakata tamaa, na sisi tunasema uzee huo.

Ndicho tulichomfanyia bibi yako, na mimi nesi mzima nilikuwemo, inaniuma mpaka leo. Alianguka pale jikoni, mfupa haukuvunjika, lakini miezi miwili hainuki, kila anayekuja anasema muacheni apumzike. Siku moja nikamkumbuka Warren, nikafunua shuka nikamwangalia kuanzia kichwani mpaka chini. Kucha za vidole gumba zilikuwa zimejikunja zimeingia nyamani! Ndo maana akikanyaga alikuwa analia. Nikamlowekea miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu jioni tatu, nikazikata kidogokidogo, halafu nikampa kiti cha plastiki akawa anakisukuma mbele yake, siku ya kwanza mpaka mlangoni, akapumzika, kesho yake hatua mbili zaidi. Wiki ya tatu akafika kwenye mwembe, akakaa akaagiza samaki, mgebuka wa kuchoma, na pilipili.

Ukija likizo babu wa nyumba ya pili hajainuka tangu mfungo, wanasema ni umri. Nimewaambia binti yangu anakuja, kwahiyo ukifika tu twende ukamfunue shuka wewe mwenyewe.

Mama yako